Ukimtafuta Uliyependana Naye Kabla ya Vita

Wapenzi wengi wa umri wetu katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Congo, hawakuachana kwa ugomvi. Walitawanyika. Oktoba 1996 vita vilipoanzia huku kwetu, mwezi uleule hospitali ya Lemera iliposhambuliwa, kijana wa kijiji cha Kiringye alikimbia na wazazi wake, na msichana aliyempenda akakimbia na wazazi wake yeye. Kila familia ilishika njia yake. Wengine walipanda milimani, wengine walivuka mto Ruzizi wakaingia Burundi, wengine waliteremka mpaka Uvira wakatafuta chombo cha kuvuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania. Agosti 1998 vita vya pili vikawakuta hata wale waliokuwa wamesharudi. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, kwa hiyo hapakuwa na namba ya kubaki nayo, wala anwani, wala hata picha kwa walio wengi.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia au amefika 50. Siku moja anafungua kundi la WhatsApp la watu wa kijiji, lenye watu wa Bujumbura, kambi ya Nyarugusu, Nairobi na Marekani, na ndani ya tangazo la kilio analiona jina ambalo hajalitamka miaka mingi. Moyo unashtuka. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya siku hiyo na miezi inayoifuata.

Siku hiyo usimpigie. Hata kama namba iko pale pale kwenye kundi, iache. Kwanza kaa ujiulize unataka nini, na ujijibu kwa ukweli. Kuna anayetaka tu kujua kama mwenzake yu hai. Kuna mwenye deni: aliahidi kurudi hakurudi, au aliacha mimba, au alipeleka sehemu ya mahari akapotea. Na kuna anayetaka mapenzi yarudi. Haja hizi tatu hazitafutwi kwa njia moja. Ya kwanza hutimizwa kwa swali dogo kwa mtu wa kijijini, bila kumgusa mwenyewe. Ya pili inahitaji wakubwa. Ya tatu ndiyo inayoharibu nyumba za watu inapojifanya ni ya kwanza, mtu anaposema "nilitaka tu kumsalimia" huku moyoni ameshapanga safari.

Kama una mume au mke, mwambie kabla hujatuma neno lolote. Najua wengi wataona nimeanza na gumu. Lakini fikiri habari zinavyotembea kati ya Luvungi, Lubarika na Kiringye: jambo unalolificha asubuhi litasimuliwa sokoni kabla ya jua kuzama, na mkeo atalipata likiwa limekuzwa mara tatu. Ni afadhali alisikie kwako, kwa maneno yako. Akikuomba muandike pamoja, kubali. Akikuomba uache, basi habari za uzima wa yule mtu utazipata kwa ndugu zake, nawe utaishia hapo.

Wapo pia wanaodhani vita vilivunja ndoa zao. Wanasema, "Tulipotezana miaka kumi, mimi si wake tena." Sheria ya familia ya Congo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haisemi hivyo. Ndoa huvunjwa na kifo, au na talaka inayotolewa na mahakama, au, pale mmoja alipopotea, na ndoa mpya ya aliyebaki baada ya mahakama kutamka kwamba mwenzake hayupo. Miaka peke yake haivunji kitu. Na uzinzi ni kosa linaloadhibiwa. Kwa hiyo, ukisikia kwamba yule uliyempenda "aliachwa na mume wake huko Tanzania", uliza vizuri: aliachwa vipi, na nani alishuhudia?

Sasa jinsi ya kutafuta. Watu wengi huanzia Facebook, na mimi naona ni mahali pa mwisho. Wanawake wengi wa umri wetu hawako huko kwa majina yao ya utoto, na wengine wako kwa simu za watoto wao. Anzia kanisani. Watu wa bonde walipokimbia waliondoka na makanisa yao: Wapentekoste wa 8e CEPAC na 5e CELPA, na Wakatoliki, walisali hadi kambini, na Mkristo anayehama huchukua barua ya kanisa kumtambulisha anakokwenda. Mchungaji au katekista mzee anaweza kukuambia kwamba familia fulani ilisalia Burundi, au ilikuwa kambi ya Lugufu na baadaye ikahamia Nyarugusu, Lugufu ilipofungwa 2009. Baada ya kanisa, waulize waliosoma nanyi. Kisha waulize waliorudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, safari zilizoanza Oktoba 2005, maana walioishi pamoja kambini wanajua nani alikwenda Marekani au Kanada na nani alibaki. Kwa familia zilizokimbia Februari 2025, Bukavu ilipoanguka na makumi ya maelfu wakavuka kuingia Burundi kupitia Rugombo, au zile zilizokimbia Desemba mwaka huohuo vita vilipofika Uvira yenyewe, waulize majirani waliokimbia nazo. Habari za mwaka jana si za leo.

Uliza kwa jina la ukoo na la baba yake, na ueleze kwa nini unauliza. "Natafuta kujua familia ya mzee fulani, aliyekaa karibu na mfereji, walifika wapi" ni swali safi. Lakini mwanaume anayezunguka Kiringye akiuliza mke wa mtu yuko wapi, anamtwika yule mama mzigo ambao hakuuomba.

Msalaba Mwekundu una huduma ya kuwaunganisha waliotenganishwa na vita, na wengi wetu tunaikumbuka kwa zile barua fupi zilizo wazi, zenye habari za familia tu, zilizoletwa na wajitolea mpaka mlangoni. Huduma hiyo ni ya ndugu, na mpenzi wa zamani haingii humo. Lakini mkiwa na mtoto, mtoto ana haki ya kumtafuta mzazi wake kwa njia hiyo. Na liko jambo moja katika kazi yao ambalo ningependa kila msomaji alichukue: wakimpata mtu, hawampi mtafutaji anwani yake mpaka mwenyewe akubali. Humwambia kwanza, "Kuna mtu anakutafuta, jina lake ni hili. Unataka ajue ulipo?" Akikataa, mtafutaji haelekezwi aliko.

Fanya hivyohivyo. Tafuta mtu wa kati. Kwa mwanamke, mtu mzuri ni dada yake mkubwa, shangazi yake, au mama wa kanisani aliye rika lake. Kwa mwanaume, kaka yake au rafiki yake mtulivu mwenye familia. Usimtume rafiki yako wa kunywa naye pombe ya kasiksi. Usimtume mtoto. Wala usimtume mtu mwenye kinyongo na mume wake wa sasa, hata kama ndiye aliye tayari kuliko wote. Mtu wa kati apeleke ujumbe mmoja tu: fulani yu hai, anauliza hali, je, unakubali awe na namba yako? Jibu likirudi "hapana", umeshapata kitu kikubwa, umejua kwamba yu hai. Likirudi kimya, hesabu kimya hicho kuwa hapana, usitume mtu wa pili.

Jibu likiwa ndiyo, andika. Usibipu, usipige usiku, na usianze na ujumbe wa sauti. Huku kwetu simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na ujumbe wa sauti husikilizwa kwa sauti kubwa jikoni huku watoto wakipepeta mchele. Andika kama unayejua kwamba mume wake atausoma na binti yake atausoma, na wote wawili watabaki na amani. Mwite kwa jina alilo nalo leo. Kama watu wanamwita Mama Esther, nawe mwite hivyo. Lile jina mliloitana gizani njiani mkitoka kisimani lisiwe neno lako la kwanza, maana kwa wengine linasikika kama unadai kitu chako. Hivi kwa mfano:

"Mama Esther, habari za siku nyingi. Ni mimi, mtoto wa mwalimu, tuliosoma wote Kiringye kabla ya vita. Dada yenu mkubwa alinipa namba hii baada ya ninyi kukubali. Nimefurahi kusikia mko wazima, na poleni kwa yote mliyopitia. Mimi niko Uvira, nimeoa, tuna watoto wanne, na mke wangu anawasalimu. Mkipata nafasi mtujulishe habari za nyumbani. Msipopata, hakuna neno. Msalimie Papa Esther na watoto."

Tazama ujumbe huo umesema nini. Umemtaja aliyetoa namba, umeeleza wewe ni nani leo, umemsalimu mume wake, na umempa ruhusa ya kutojibu. Haukusema "sijakusahau". Neno hilo, hata likiwa kweli, linamlazimisha mtu kujibu jambo ambalo labda amelizika kwa machozi. Kama wewe ni mjane au hukuoa, sema hivyo kwa neno moja, bila kulalamika.

Kisha subiri. Huenda uniti zimeisha, huenda mtandao hauko, huenda anazungumza kwanza na watu wake. Usiandike mara ya pili kuuliza kama ameona.

Mara nyingine mtu wa kati anarudi na habari nyingine kabisa. Yule uliyemtafuta hayuko. Alifia kambini kwa kipindupindu, au njiani, au katika mauaji ya Katogota ya Mei 2000, au alichukuliwa na maji Uvira katika mafuriko ya Aprili 2020. Unaambiwa hilo miaka mingi baada ya watu wote kumaliza kulia, na wewe unaanza peke yako. Usijione mjinga. Nenda kwa familia yake, na kama uko mbali mtume ndugu yako. Peleka rambirambi kama kila mtu alivyopeleka, chochote ulicho nacho, sukari, mchele, noti chache. Waambie ulimfahamu ujanani na kwamba alikuwa mtu mwema kwako. Wazazi waliobaki hupenda kusikia mtoto wao akitajwa na mtu ambaye hawakutegemea. Ukiomba kuonyeshwa kaburi, ukaambiwa halijulikani liko wapi, usiulize zaidi.

Tuseme amejibu, na mmeanza kuzungumza. Hapa ndipo mwongozo wowote unahitaji upole mwingi. Mwanaume wa kwetu akianza kusimulia, husimulia njia: tulilala Sange, tukafika Uvira, tukavuka. Mwanamke husikiliza, kisha anauliza swali moja: "Kwa nini hukunitafuta?" Liwekee jibu kabla halijaja. Kama ulijua alipo ukaoa mwingine kambini, sema. Kama ulidhani amekufa, mweleze nani alikuambia. Kama uliogopa, sema uliogopa. Jibu la uongo analitambua mara moja, kwa sababu ameishi na swali hilo kuliko wewe.

Wewe nawe usimuulize alifanyiwa nini vitani. Usiulize kabisa, hata kwa kuzungukazunguka, hata ukidhani unaonyesha huruma. Wanawake wengi wa bonde hili walitendewa mambo ambayo hawajamwambia hata dada aliyetoka naye tumbo moja. Akitaka kusema, atasema siku yake, nawe utanyamaza na kusikiliza mpaka mwisho bila kumtaka akutajie majina. Vilevile usimwambie amezeeka, wala usimwambie hajazeeka. Muulize analima nini, watoto wako darasa la ngapi, mama yake anaendeleaje na magoti. Ukitaka kumfahamu mtu huyu wa leo, ambaye kwa kweli ni mgeni kwako, njia ni hiyo.

Kuhusu pesa nina msimamo mkali. Walio Marekani au Ulaya, msitume pesa katika miezi ya kwanza. Najua shida iliyoko. Mvua ikikataa au wenye bunduki wakipita shambani, hakuna mahindi. Lakini pesa ya mpenzi wa zamani, ikiingia kwa M-Pesa au Airtel Money, inageuka deni lisilo na kiasi. Aliyepokea hawezi tena kukataa simu yako, na mume wake anajua. Kama kuna msiba au ugonjwa, changa kupitia familia au kundi la watu wa kijiji, jina lako likae kati ya majina mengine. Kuna pia matapeli. Namba zinabadilisha wenyewe, na picha ya mtu inaweza kuwekwa na yeyote. Kabla ya kuamini, muulize jambo ambalo halimo kwenye picha: mwalimu gani alitufundisha mwaka wa tano, nyumba yenu ilitazamana na ya nani. Anayekasirishwa na swali kama hilo na kuendelea kuomba nauli si yeye.

Mkitaka kuonana, mkutane mchana, kwenye nyumba ya mtu mzima anayewaheshimu wote wawili, au baada ya ibada. Hoteli ya ufukweni Uvira ina upepo mzuri na samaki wa mikebuka wa kuchoma, lakini atakayewaona hapo ataeleza mengine. Kama mmoja wenu anatoka Uvira kupanda bondeni, aulize hali ya barabara siku ileile kwa wenye pikipiki na madereva, aondoke asubuhi, na asijivunie kufika usiku. Hakuna salamu inayostahili kizuizi cha wenye silaha saa moja jioni. Mara ya kwanza isizidi chakula kimoja. Nendeni na mtu mwingine kila mmoja: binti, kaka, jirani. Wengi hulia siku hiyo, na ni vizuri awepo wa kuwarudisha nyumbani.

Mtoto ni sura yake peke yake. Kama mliachana akiwa mjamzito, yupo mtu mzima mahali fulani anayejua au asiyejua wewe ni nani. Kwa mila yetu, mtoto ambaye baba yake hakupeleka mahari hukaa kwa wajomba. Sheria ya Congo kwa upande wake inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na huenda jina la mwanaume mwingine limeandikwa, la yule aliyemlea, akamlipia shule na kumbeba mgongoni wakikimbia risasi. Usimwandikie mtoto kwanza. Mama yake ndiye anayejua kilichosemwa nyumbani, na yeye ndiye atakayechagua siku. Mama akikubali, nenda kwa wajomba na wazee wako, ukiri, ulipe kile watakachosema kimebaki. Na yule baba mlezi, umshukuru mbele ya watu, kwa kusimama, na kwa kitu mkononi. Wanaume wengi hushindwa hapo kwa sababu ya kiburi, na mtoto hukumbuka.

Ikiwa mmoja wenu ana ndoa, ushauri wangu ni kwamba mbaki watu wanaosalimiana: kwenye arusi, kwenye kilio, kwenye kundi la kijiji. Si jambo dogo. Kwa bonde lililopoteza watu wengi hivi, kuwa na mtu anayekumbuka sauti ya baba yako ni mali. Mkiona mazungumzo yameanza kutafuta saa za usiku, au mmeanza kufuta ujumbe, punguzeni. Wewe uliyeanza kutafuta ndiye mwenye jukumu la kupunguza.

Na ikiwa wote mko huru, wajane au waliotalikiwa kwa kweli, msijifiche kama vijana. Watu wa miaka 50 husema, "Mahari ya nini tena, sisi ni wazee." Sikubaliani nao. Sheria yenyewe inataka mahari, na zaidi ya sheria, kaka zake waliobaki wanataka kuitwa, waketi, waulizwe. Ng'ombe wote wa zamani hawapatikani; waliibwa na waliobaki ni ghali. Leteni mnachokubaliana, hata mbuzi na kitenge cha mama, lakini kiwe mbele ya watu. Kama ni mjane, wapeni taarifa ukoo wa marehemu kabla ya kuposa, maana watoto ni wao na shamba huenda ni lao. Watoto wenu wakubwa wasikie kwenu, si kwa jirani, nao wapewe muda wa kukasirika.

Halafu kuna makaratasi. Ofisi ya etasivili, inayoandikisha vizazi na ndoa, itataka kujua mlizaliwa lini na wapi, na kwamba hakuna ndoa nyingine inayowafunga. Kwa wengi wetu vyeti viliungua, vilioza kwa mvua, au viliachwa juu ya dari Oktoba ile ya 1996. Mahakama ya amani hutoa hati ya kujaza pengo la cheti cha kuzaliwa kwa ushahidi wa wanaokufahamu, na kama mwenzi wa kwanza alipotea bila kaburi, ni mahakama vilevile inayotamka. Lianzeni hilo kabla ya kununua kitenge cha arusi, na mashahidi watafuteni kati ya wale mliosoma nao na wazee waliowaona mkizaliwa, kila mmoja mkimwandika jina lake kamili na mahali anapokaa sasa, kwa sababu mwezi ujao huenda amehama tena.